Tahadhari ya mvua na upepo ikitoka, watoto watolewe shule mapema au wazuiwe?

MzaziMkomani (Lamu)
Assalaam aleikum wenzangu. Niko kwenye bodi ya shule ya kutwa hapa kisiwani. Watoto wengi ni wa mjini, baadhi huja kwa miguu kutoka Shela wakifuata ufukwe, na wengine huvuka kwa boti kutoka Manda. Kila Idara ya Hali ya Hewa ikitangaza mvua kubwa au upepo mkali, wazazi hugawanyika: hawa wanataka watoto waachiliwe saa sita, wale wanasema masika si mgeni. Mwalimu mkuu anataka utaratibu wa ukurasa mmoja ambao mwalimu wa zamu ataufuata bila kupigia simu watu kumi. Kipimo gani kitufanye tuwatoe, na kipi kitufanye tuwashike? Mwaka 2024 muhula wa pili uliahirishwa kutoka 29 Aprili, shule zikafunguliwa 13 Mei, lakini ile ilikuwa amri ya nchi nzima. Mimi nauliza habari ya Jumanne ya kawaida, saa nne asubuhi, wingu limetanda.

NahodhaManda
Waaleikum salaam. Anza na wanaovuka maji, wa mjini watafuata. Tahadhari ya upepo hutaja mafundo 25, karibu kilomita 46 kwa saa. Huna haja ya mashine: matawi makubwa yanayumba, mwavuli haushikiki, na kule nje kwenye mlango wa bahari povu jeupe liko juu ya kila wimbi. Ukiona hivyo, boti ndogo yenye watoto haitoki, hata kama mzazi amesimama gatini akigombana.

Sasa tazameni maji kabla ya kutazama saa ya kengele. Kusi, upepo wa msimu utokao kusini, hutoka upande wa bahari kuu na kuingia kwenye mkondo wetu. Maji yakiwa yanajaa, upepo na mkondo huenda njia moja, mawimbi huwa marefu na laini. Maji yakianza kupwa hutoka nje kuukabili upepo, na hapo mawimbi husimama, mafupi na makali, yanamwagikia ndani ya boti. Upepo ni ule ule, safari ni nyingine kabisa.

Siku za bamvua, yaani maji makubwa ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu, huku kwetu maji hujaa karibu saa kumi jioni na kupwa kabisa saa nne au saa tano asubuhi. Kwa hiyo ukiwatoa saa saba wanavuka na maji yanayojaa: vizuri. Ukiwaacha hadi saa kumi na nusu, maji yanageuka. Siku za maji mafu, mwezi ukiwa nusu na maji yakijaa na kupwa kidogo, mambo ni kinyume, maji hujaa asubuhi ile ile na alasiri yote yanapwa. Kila siku saa husogea mbele kama dakika 50, basi mwalimu wa zamu awe na jedwali la maji la mwezi mzima ukutani.

Wa Shela nao wasisahauliwe. Bamvua ya jioni pamoja na upepo hufunika sehemu za njia ya ufukweni. Wapite njia ya juu, au watoke kabla ya saa nane.

MwalimuMalindi
Naunga mkono ya nahodha, ila nina hofu na neno "mapema". Mvua ikishaanza kumwagika, usimtoe mtoto. Madhara mengi hutokea njiani, darasani ni machache. Kutoa mapema kuna maana tu kama mtoto wa mbali kabisa atafika nyumbani angalau saa moja kabla ya mvua. Kama hilo haliwezekani, shika watoto mpaka ipite, hata kama ni magharibi. Kwa hiyo uamuzi ufanywe saa nne asubuhi, ukichelewa saa tano. Uamuzi wa saa nane mara nyingi ndio huwakutanisha watoto na mvua barabarani.

Tahadhari yenyewe someni mistari mitatu: inaanza na kuisha lini, maeneo gani, na uwezekano wake. Uwezekano wa kati ni asilimia 33 hadi 66; huo peke yake hautoshi kuvunja masomo. Mvua kubwa kwa lugha yao ni zaidi ya milimita 20 ndani ya saa 24. Milimita 20 juu ya paa la darasa la mita 7 kwa 8 ni lita 1,120, madumu 56 ya lita 20. Yakigawanyika siku nzima, mchanga wa Lamu unayanywa. Yakishuka kwa nusu saa, vichochoro vya mawe vinakuwa mifereji.

Huku kwetu tatizo ni Sabaki na vijito. Mto huo huletewa maji kutoka bara, unaweza kufurika jua likiwaka Malindi, na utabiri wa Malindi peke yake hautakuambia. Shule yenye watoto wa ng'ambo ya kijito iweke mti wenye alama kwenye kivuko. Maji yanayokimbia yakifika sentimita 15 yanaweza kumwangusha mtu mzima, sembuse mtoto wa gredi ya pili. Maji yakifika kwenye alama, hakuna kuvuka, na bodaboda asishawishiwe kwa shilingi hamsini.

Radi: ukiona umeme hesabu sekunde mpaka ngurumo, gawanya kwa tatu, hizo ni kilomita. Sekunde 30 au chini yake, wote ndani, na wasitoke mpaka dakika 30 zipite tangu ngurumo ya mwisho. Wasijikinge chini ya mnazi wala mwembe.

Jambo moja linalosahauliwa sana: nyumbani kuna nani? Mtoto wa chekechea akiachiwa saa sita, mama yuko sokoni na mlango una kufuli, umemtoa kwenye paa ukamweka barazani. Kila darasa liwe na orodha ya watoto ambao hawatoki bila mtu wa kuwapokea. Na mkurugenzi wa elimu wa kaunti ndogo aarifiwe kabla ya kengele.

FundiKenchi
Kagueni paa pia. Upepo huanza kung'oa pembeni na kwenye kofia, bati la kileleni, palipo na misumari iliyolegea. Madirisha ya upande unakotoka upepo yafungwe kwanza; yakiwa wazi na ya upande wa pili yamefungwa, upepo unajaa ndani na kulisukuma bati juu. Darasa ambalo bati zake zinapiga kelele kwa upepo wa kawaida lisitumike siku ya tahadhari. Hamishieni watoto chumba kingine, shule haina haja ya kufungwa kwa darasa moja.

MzaziMkomani (Lamu)
Ahsanteni sana, nimenakili yote. Nahodha, jaketi za kujiokolea tulizonazo ni za watu wazima. Zitafaa kwa watoto wa gredi ya nne?

NahodhaManda
Hazifai. Mfunge mtoto, kisha inyanyue jaketi kwa mabegani. Ikipanda ikafika masikioni, majini itamtoka kichwani. Tafuteni za kipimo chake, zenye mkanda wa kupita katikati ya miguu. Mpaka zipatikane, siku ya tahadhari wa Manda walale mjini kwa jamaa, na majina ya jamaa hao yaandikwe shuleni tangu wiki ya kwanza ya muhula.