Kamera imeungwa kwenye fyuzi, kila Jumatatu gari haliwaki

Dereva wa Tabata
Wakuu, habari za leo. Nina Toyota IST, naifanyia kazi ya abiria wa mtandaoni. Niliweka kamera ya macho mawili, moja linatazama barabara na jingine ndani. Mwanzo nilikuwa nachomeka kwenye tundu la kiberiti cha gari, ila nikizima gari nayo inazimika. Mimi nataka irekodi hata nikipaki, maana kuna mtu alinikwangua bampa nje ya soko akaondoka zake. Nikanunua kile kiboksi cha kuungia kwenye fyuzi, chenye waya nyeusi, nyekundu na njano. Fundi kaniungia nusu saa tu, ikawaka.

Shida ni hii. Katikati ya wiki gari linawaka vizuri. Jumapili silitoi, limelala tangu Jumamosi jioni. Jumatatu alfajiri nikipiga swichi ni tik tik tik, taa za dashibodi zinafifia. Fundi anasema betri imekufa, ninunue nyingine. Ni saizi ya NS40, hata mwaka haijamaliza. Halafu asubuhi za kawaida nikifungua mlango naikuta kamera inarekodi kama vile niko barabarani. Memori kadi imejaa video za ukuta wa jirani.

NoahNyeusi
Kata hizo waya mkuu, rudi kwenye kiberiti. Usiku ichomeke kwenye pawabenki, mimi ndivyo ninavyofanya na sijawahi kusukuma gari.

Rewaya Ilala
NoahNyeusi, pawabenki ndani ya gari lililoanikwa juani Dar hii? Utakuja kuita zimamoto.

Dereva, betri usinunue kwanza. Dalili ulizotoa zinatosha kumjua mchawi. Nyeusi ni ethi, inafungwa kwenye chuma cha bodi kisicho na rangi. Njano inataka umeme wa muda wote. Nyekundu inataka umeme unaokuja ukiwasha swichi na kukatika ukizima. Kamera haina njia nyingine ya kujua kwamba umepaki, inasikiliza nyekundu tu. Nyekundu ikikosa umeme ndipo kamera inapojipunguza na kubaki ikivizia mtikisiko. Nina hakika zako zote mbili zimewekwa kwenye umeme wa muda wote, ndiyo maana kamera inaamini uko safarini usiku kucha.

Sasa piga hesabu. Macho mawili yakirekodi mfululizo hula kama nusu ampea. Jumamosi saa 12 jioni hadi Jumatatu saa 12 asubuhi ni saa 36, hapo Ah 18 (ampea mara saa) zimeondoka. NS40 mpya iliyojaa ina karibu Ah 35, na ya kwako sidhani kama inajaa, kwa foleni ya Mandela huku AC inavuma. Usiku mmoja inakula Ah 6 tu, ndiyo maana katikati ya wiki huoni kitu.

Kingine, tazama kile kiboksi kama kina kiswichi cha kuchagua volti ya kujikata. Betri iliyopumzika ikisoma 12.6 imejaa, 12.2 iko nusu, 11.6 imeshakwisha. Kikiwa 11.6 hakikulindi chochote, kitajikata wakati umeshakwama. Weka 12.2.

Fungua kifuniko cha fyuzi utuambie amechomeka wapi.

Dereva wa Tabata
Nimefungua. Nyekundu na njano zimesokotwa pamoja, zimechomekwa kwenye mguu mmoja wa fyuzi ya STOP na kuzungushiwa tepu. Nikiishika inacheza. Kiswichi kipo, kimewekwa 11.6. Nimepima kwa tesa gari likiwa limezimwa, STOP ina umeme na OBD (ya tundu la kompyuta ya kupimia gari) ina umeme. CIG (ya kiberiti) haina mpaka niwashe swichi.

NoahNyeusi
Hahaha, huyo fundi mkamate akurudishie hela.

Rewaya Ilala
Basi kazi imeisha. Nyekundu iende CIG, njano iende OBD. STOP ni ya taa za breki, usiipachike kitu. Siku ikikatika wewe hutajua, atakayejua ni daladala lililo nyuma yako. Na za AIRBAG (mifuko ya hewa), ABS (breki) na ECU (kompyuta ya gari) usiziguse kabisa.

Usichomeke waya kwenye mguu wa fyuzi. Nunua vile vishikio vya fyuzi mbili vyenye mkia wa waya, nenda na fyuzi yako mkononi ili saizi ifanane. Nafasi ya kwanza rudisha fyuzi ile ile iliyokuwepo, ya pili weka ya ampea 3. Kabla ya kuchomeka, pima tundu likiwa tupu, upande mmoja tu ndio utakuwa na umeme (hilo la CIG lipime swichi ikiwa imewashwa). Mguu wa kishikio unaolisha fyuzi zote mbili ndio ukae upande huo. Ukigeuza, kamera itawaka vilevile, ila mzigo wake utapita pia kwenye fyuzi ya zamani.

Waya inayopanda kwenye nguzo ya kioo, kama pameandikwa SRS AIRBAG ipitishe nyuma ya mfuko wa hewa, isiukatize kwa mbele.

Dereva wa Tabata
Shukrani sana mkuu. Na betri je, bado ni nzima?

Rewaya Ilala
Kaichaji usiku kucha nje ya gari, ilaze masaa kadhaa bila kuunga kitu, halafu pima. Ikishika 12.5 na kuendelea, irudishe. Ikishuka yenyewe hadi 12.1, hapo fundi wako atakuwa amesema kweli, ila aliyeiua ni yeye.