Imamu kijana na maamuma watu wazima: vipi kusahihishana bila ya kuvunjiana heshima?

Maamuma wa Wete
Assalaam alaykum. Msikiti wetu wa mtaani umepata imamu kijana, hifdhi yake ya Qur'ani nzuri. Tatizo, akimwona mzee anakosea sijda au udhu, ama ananyamaza, ama anakwenda kulisema kwenye kipaza sauti baada ya swala. Wazee wamenuna. Na yeye akikwama kwenye kisomo, watu watano wanamdakia kwa pamoja. Kwa fiqhi yetu ya Kishafi, utaratibu ni upi?

Mwanafunzi wa Darsa
Waalaykum salaam. Kwanza apambanue kosa linalobatilisha na lile la kupunguza ukamilifu tu. Mzee asiyeinua mikono anapokwenda rukuu, mwache, atasomeshwa darsani. Lakini yule ambaye kofia imemshukia ikafunika paji lote, sijda yake haikusihi, kwani ni lazima sehemu ya paji, japo ndogo, iguse chini bila ya kuzuiwa na alichokivaa. Hali kadhalika asiyetulia kwenye rukuu hata kwa kadiri ya kusema "Subhanallah", na mwenye kanzu ya mikono ya kubana anayetawadha kiwiko kikabaki kikavu. Haya hayangoji.

Kutongoja si kumwambia palepale safuni. Amsubiri barazani watu watawanyike, amsalimie, kisha ataje alichokiona na dawa yake: "Shikamoo mzee wangu. Kofia inakushukia ukisujudu; ukiirudisha nyuma kidogo paji litagusa." Basi. Kosa moja kwa siku. Suala la swala zilizokwishapita asilianzishe yeye. Akiulizwa, ampeleke mzee kwa mwanachuoni.

Sahaba Muawiya bin Hakam as-Sulami alizungumza ndani ya swala nyuma ya Mtume (s.a.w.), watu wakajipiga mapaja kumnyamazisha. Mtume alipomaliza hakumkaripia wala hakumpiga wala hakumtukana. Alimwambia tu kuwa swala hii haifai ndani yake maneno ya watu, ni tasbihi, takbira na kusoma Qur'ani. Hadithi ipo kwenye Sahihi ya Imamu Muslim. Tazama: ndani ya maneno yale hamna hata moja la kumhukumu Muawiya mwenyewe.

Kengeja
Barazani pana masikio, ndugu yangu. Bora amfuate njiani au nyumbani kwake.

Na kuhusu kipaza sauti, ni kweli Mtume akisema "wana nini watu wanaofanya kadha wa kadha" bila ya kutaja jina. Lakini kwenye msikiti wa safu tatu kila mtu anajua kofia ya nani inashuka, na sisi huku hata kanga tunaitafutia aliyelengwa. Ukilisema leo kosa la jana, hicho ni kijembe. Liingie kwenye darsa ya mlango wa sijda, zamu yake ikifika. Na mzee wa miaka 70 afikishiwe na wa rika lake, hasa kama mambo yenyewe ni ya tohara.

Mwalimu wa Chuo, Chake
Kwa kina mama ninaowasomesha, kazi kubwa ni Fatiha. Atakayesoma "an'amtu" badala ya "an'amta" amegeuza maana, na akikusudia swala inabatilika. Msikilize mmoja mmoja, wengine wakiendelea na uradi wao. Usimkate katikati ya aya. Aimalize, kisha isome wewe taratibu mara tatu, afuatishe. Bibi aliyejitahidi na ulimi ukakataa katu, swala yake mwenyewe inasihi, ila asiwaswalishe wanaoisoma sawa.

Safu ya Mbele
Watano kumdakia imamu ndiyo fujo yenyewe. Maadamu anaikariri aya anajitafutia, mwacheni. Akinyamaza ndipo asomewe, na mtu mmoja tu, hafidhi aliye nyuma yake. Msomaji anuie kisomo, au kisomo pamoja na kumkumbusha. Akinuia kumkumbusha tu, kwetu Mashafi swala yake imeharibika. Wengi hili hawalijui.

Kwenye vitendo, wanaume waseme "Subhanallah" kwa nia ya dhikri, wanawake wapige kiganja cha kulia juu ya mgongo wa mkono wa kushoto. Akisahau tahiyatu ya kwanza na ameshasimama wima, msimrudishe, mfuateni, atasujudu sijda ya kusahau kabla ya salamu. Akiinukia rakaa ya tano, msiinuke naye.

Mtume mwenyewe alitoa salamu kwenye rakaa mbili, sahaba Dhul-Yadayn akamuuliza: imepunguzwa swala au umesahau? Akawauliza watu, wakamsadikisha, akaitimiza. Imamu kijana hana la kuonea haya hapo.

Maamuma wa Wete
Mmenifaa sana. Na kama yeye mwenyewe hataki kuambiwa?

Safu ya Mbele
Aende mtu mmoja baada ya Isha, na kitabu kimefunguliwa ukurasa wenyewe. Ikishindikana waende wawili wa kamati. Kwenye kundi la WhatsApp la mtaa lisifike kabisa. Sahaba Muadh bin Jabal alipowarefushia watu swala alikaripiwa na Mtume, lakini alitajiwa hapohapo sura za kusoma: Sabbihisma, Washamsi, Wallayli. Na ni huyohuyo aliyepelekwa Yemen baadaye. Kama kosa la imamu wenu liko kwenye Fatiha na linageuza maana, apumzishwe kuswalisha mpaka alirekebishe. Mengineyo, aendelee kuswalisha huku akisahihishwa.