Nimelipa elfu sitini kuoshwa kichwa, nikaitwa KATANI!

Mwana_Makorora (mleta uzi)

Wana Tanga, nina hasira hata simu naiona mbili. Naandika kichwa bado kibichi, maji yananitiririka shingoni, na sitangoja zikauke maana nikingoja nitarudi kule nikamtie mtu adabu.

Mnamjua. Sina haja ya kumtaja. Yule wa saluni ya vioo na kiyoyozi, anayekupokea mlangoni "karibu mrembo", ukishalaza kichwa sinkini huna hadhi tena. Nusu ya wanawake wa Ngamiani wamelia kwenye kiti kile, na nusu iliyobaki wana miadi wiki ijayo.

Sasa sikieni. Nywele zangu zilikatika kwa rilaksa. Nikaacha dawa, nikaanza kuzilea upya. Nikasikia ameleta shampuu na kondishena za Ufaransa, zile za saluni za kitajiri, hazina salfeti, nywele zinarudi afya. Kuosha tu elfu sitini. Kuosha! Hakuna kusuka, hakuna kuseti, hata soda hupewi. Nikajibana, nikaenda, nikalipa kwanza kabisa, maana yule hamwoshi mtu kabla hajashika pesa.

Nimelala sinkini, shingo inauma, macho darini. Akabonyeza pampu. Tone. Tone moja kwa kichwa kizima! Nikamwambia kwa adabu zote nilizofundwa, "Dada, niongezee kidogo, nywele zangu nyingi." Ndipo akashika fungu la nywele zangu, akaliinua juu waone wote, akasema:

"Hii ni ya nywele, mwanangu. Siyo ya katani."

KATANI. Mbele za watu. Saluni nzima kicheko. Aliyekuwa chini ya draya akatoa kichwa nje asipitwe. Msichana wa kucha akaacha kucha za watu. Mpaka mzee aliyekuwa akimsubiri mkewe mlangoni, mtu mzima na kofia yake ya kiua, alicheka hata akashika ukuta.

Na fungu lenyewe bado kaliinua! Hakuliachia! Wamecheka wakamaliza, wakaanza tena, mkono uko juu tu!

Kondishena sikuiona hata rangi. Ati "hiyo tutaweka siku nyingine, zikilainika." Zikilainika! Kwani kondishena kazi yake nini? Nimeshailipia! Nikadai changu, nikaambiwa pesa ya saluni hairudi. Pesa nitasamehe. Katani sisamehi mpaka naingia kaburini. Na kunisemea Tanga hii hii ya mashamba ya katani! Angesema kwingine huko nusu ya watu wasingeelewa. Hapa kaelewa hata mtoto wa mgongoni.

Semeni nyie. Mtu anatukanwa kwa pesa yake?

Babu_Chuda

Nimekaa paleee. Bila picha ya nywele uzi haujakamilika. Tunataka tuhukumu kwa haki.

Dada_Pongwe

Pole shoga. Huyo namjua sana. Mie aliniambia kichwa changu kikubwa, nilipe cha watu wawili. Nikalipa!

Mla_Muhogo

Elfu sitini kuoshwa kichwa? Bibi yangu alikuwa anatwanga majani ya mkunazi, povu lake linaosha ukoo mzima, na nywele zilimfika kiunoni. Nyie endeleeni kutajirisha watu.

Mwana_Makorora

Mkunazi naujua tangu sijaota meno, usinifundishe. Hoja siyo mkunazi. Hoja ni kwamba KALIINUA. Angeninong'oneza sikioni ningenyamaza. Kaliinua, watu wakaona, mwenye draya katoa kichwa!

Babu_Chuda

Kwa hiyo picha hakuna.

Msusi_Mabawa

Mie ni msusi, niseme kidogo. Kuinua nywele za mteja watu wacheke ni ukosefu wa adabu, halina mjadala. Lakini na kwenye chupa tuambizane ukweli. Shampuu kazi yake ni kutoa uchafu na mafuta, hasa kwenye ngozi ya kichwa. Unywele ukishatoka nje ya ngozi hauna uhai, hakuna chupa ya kuufufua, iwe ya elfu tano au ya laki tano. Ncha iliyopasuka haiungani, inakatwa. Mpya zinaota kama sentimita moja kwa mwezi, basi zilizoungua na rilaksa unazipunguza taratibu huku mpya zikija.

Cha kugombania hapo ni kondishena. Nywele zetu za kujikunja, mafuta ya kichwani hayafiki nchani upesi, ndiyo maana zinakauka na kukatika ukizichana. Kondishena inazipa utelezi, chanuo linapita. Kukusugua shampuu halafu ukaachwa hivyo hivyo, huyo kakutoa mkavu kuliko ulivyoingia.

Na nyie mnaokimbilia bei, geuzeni chupa msome nyuma. Viungo vinaandikwa kuanzia kilicho kingi, na karibu kila shampuu cha kwanza ni maji. L'Oréal ndiyo yenye Kérastase ya saluni, na ndiyo hiyo hiyo yenye Garnier ya dukani. Sisemi ni kitu kimoja, mchanganyiko wake na harufu vinatofautiana. Nasema msidhani elfu sitini yote imo ndani ya chupa. Halafu tazameni kile kialama cha kopo lililofunguliwa: kikiandikwa 12M, maana yake miezi kumi na miwili tangu kufunguliwa. Saluni nyingine chupa ina miaka, inajazwa tu.

Mwana_Makorora

Ahsante dada yangu, umesema wewe fundi. Kumbe kaniharibia juu ya kunidhalilisha! Zimekuwa kavu sasa hivi, nimezishika. Na aliyezikausha ndiye aliyeziinua!

Mkwezi_Mwambani

Pakeni mafuta ya nazi kabla ya kuosha, mambo yaishe. Mwaka 2003 ulitoka utafiti uliolinganisha mafuta ya nazi, ya alizeti na yale ya madini. Ya nazi peke yake ndiyo yaliyopunguza protini inayotoka kwenye nywele, kwa sababu yanapenya ndani. Bibi zetu hawakungoja utafiti. Anayetaka ya kukamua nyumbani aje pm.

Dada_Pongwe

Huyu kaja kufanya biashara kwenye msiba wa watu.

Mzee_wa_Kipande

Uzi wote huu mie umenikera. Tangu lini katani ikawa tusi, tena mjini Tanga? Mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche elfu moja kutoka Florida. Iliyofika hai ni 62 tu, sitini na mbili! Humo ndimo yalimotoka mashamba yote mnayoyaona mkienda Korogwe. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 nchi hii ilikuwa inatoa zaidi ya tani 200,000 kwa mwaka, hakuna aliyetushinda duniani. Baba yangu kakata katani kwa kipande, miiba imemwingia mpaka kwenye kucha, sisi tukasoma. Leo mtu anaambiwa ana katani, analia mtandaoni!

Mla_Muhogo

Kwa hiyo mzee, mleta uzi ashukuru?

Mzee_wa_Kipande

Ashukuru. Katani haikatiki ovyo. Za kwake zimekatika.

Mwana_Makorora

Mzee shikamoo. Heshima yako iko pale pale na ya marehemu baba. Lakini mie siyo shamba! Yule hakunisifu ugumu, KALIINUA watu wacheke! Mbona hamlioni hilo?

Mtoto_wa_Pangani

Marahaba kwa niaba ya mzee. Mzee, hiyo miche ilipandwa Kikogwe, na Kikogwe iko Pangani. Tanga mjini mmekuja kubeba sifa tu, na bandari yenu.

Mzee_wa_Kipande

Na reli je? Pangani mna reli? Katani ilisafirishwa kwa miguu?

Kijora_Cha_Jana

Samahani naingilia. Mnalilia nywele zinazofunikwa mtandio, mie nina harusi Jumamosi na fundi kanikata sare mikono mifupi. Nimempa kitambaa mita nne. Namuuliza mikono iko wapi, ananiambia kitambaa kimesinyaa. Kitambaa kimesinyaa mikono peke yake!

Dada_Pongwe

Siyo yule mwenye cherehani mbili barazani, moja haifanyi kazi?

Kijora_Cha_Jana

Usimtaje! Huyo huyo.

Babu_Chuda

Huyo mie kanishonea suruali, mguu wa kulia unafika kifundoni, wa kushoto nausweka kwenye soksi. Nimeivaa Idi hivyo hivyo.

Mwana_Makorora

Jamani uzi ni wa saluni.

Msusi_Mabawa

Na vipande vinavyobaki huwa harudishi. Mmeshawahi kujiuliza vinakwenda wapi?

Mla_Muhogo

Mwanawe anavaa. Juzi nimemwona mtoto dukani na shati la kitenge cha bluu, kina tausi.

Kijora_Cha_Jana

Tausi wana taji la manjano?

Mla_Muhogo

Enhe.

Kijora_Cha_Jana

HIYO NDIYO MIKONO YANGU!