Mama anataka kuuza kiwanja kwa sababu ya Mpinga Kristo, nifanyeje?

Kijana wa Kange:
Wakuu, habari za jioni. Naomba ushauri. Wa kucheka acheke, ila aache na neno la maana.

Mama yangu ana miaka 61, mjane, anakaa Makorora, hapa Tanga, na mdogo wetu wa mwisho. Miaka yote anauza samaki wa kukaanga, mzigo anauchukua soko la samaki la Deep Sea alfajiri. Mkristo wa kawaida tu, Jumapili kanisani, Jumatatu kwenye karai. Tangu mwezi wa tano anahudhuria mahubiri ya mgeni mmoja aliyepiga hema njia ya Pongwe, na sasa nyumbani hakukaliki. Kitambulisho cha taifa kakitia kwenye bahasha na kuibandika gundi, eti ndiyo chapa ya mnyama: mhubiri kazijumlisha tarakimu zake 20 zikatoa 666. Simu kaizima. Hela ya matumizi sharti nipande daladala nikampe noti mkononi.

Yote hayo ningevumilia. Sasa anataka kuuza kiwanja alichoacha marehemu baba, hela apewe mhubiri "aandae makimbilio". Nikibisha naambiwa nimeshaanza kutumiwa na mnyama. Nimwambie nini?

Kidagaa Kikavu:
Tarakimu 20, hata zote zingekuwa tisa unapata 180. Huyo 666 kaitoa wapi? Mpeleke mhubiri darasa la nne kwanza.

Shangazi wa Chuda:
Kidagaa umenivunja mbavu, lakini mwanangu usiende kwa mama na hesabu hiyo. Ataona unamcheka.

Mwinjilisti Mstaafu:
Kijana, pole. Nimefundisha kipaimara miaka mingi, na swali hili haliishi.

Jina "Mpinga Kristo" halimo kabisa katika Ufunuo. Limo katika barua za Yohana tu, ya kwanza na ya pili, na humo Yohana anasema wapinga Kristo wengi wamekwisha kuwapo, tangu siku zake. Kwake ni yeyote anayemkana Kristo. Paulo, 2 Wathesalonike 2, anamtaja "mtu wa kuasi". Mnyama mwenye 666 yuko Ufunuo 13. Wahubiri huwachanganya wote katika chungu kimoja.

Hiyo namba nayo, Waebrania walihesabu kwa herufi, kila herufi na namba yake, na ukiliandika jina la Kaisari Nero kwa herufi zao unapata 666. Nakala chache za kale zina 616, na jina hilo likiandikwa kwa namna ya Kilatini linatoa hiyo hiyo. Ndiyo maana wasomi wengi huona Yohana aliwasema watesi wa Roma, watu ambao wasomaji wake waliwajua.

Ukikaa na mama, msifungue sura ya 13 peke yake. Endeleeni mpaka 14. Mstari wa kwanza, watu wa Mwana-Kondoo nao wameandikwa jina kwenye vipaji vya nyuso. Mstari wa tisa, chapa inakwenda pamoja na kumsujudia mnyama. Hakuna anayepewa kwa bahati mbaya akiwa kwenye foleni ya kitambulisho.

Jirani wa Ngamiani:
Sisi Waislamu tunaye Masihi Dajali, masihi wa uongo, na tunaamini Nabii Isa ndiye atakayemuua. Hata kwetu huwa wanazuka wa kutaja tarehe. Mkuu, huyo mhubiri ni waja leo waondoka leo. Hema likikunjwa, kiwanja hakirudi.

Mkonge Mbichi:
Acheni imani za watu! Mwaka 2019 tulipoanza kusajili laini kwa alama za vidole mlisema hivihivi, na udhibiti unazidi kukaza. Mama anaona msiyoyaona.

Mwinjilisti Mstaafu:
Mkonge, mwogope Mungu. Marekani William Miller aliwaambia watu Kristo anarudi, wafuasi wake wakashikilia tarehe 22 Oktoba 1844. Wapo walioacha mazao shambani. Kukakucha. Na hapa jirani Kenya, Shakahola, Kilifi, mwaka 2023 ilifukuliwa miili ya watu zaidi ya 400. Nao waliitwa wakimbilie porini wakajiandae. Neno "makimbilio" ndilo limenishtua kuliko 666.

Mzee wa Baraza:
Niseme la kiwanja. Marehemu aliacha wosia? Msimamizi wa mirathi ameteuliwa? Kama bado, mama hawezi kuuza peke yake, kuna haki za watoto humo. Nenda serikali ya mtaa kiliko kiwanja umweleze mwenyekiti mapema, kabla mnunuzi hajaletwa. Kimyakimya, usimtangaze mama yako. Na hati iko wapi?

Shangazi wa Chuda:
Mimi nina swali moja. Kabla ya hema hilo, ulikuwa unafika Makorora mara ngapi?

Kijana wa Kange:
Shangazi, kusema kweli hela nilikuwa natuma kwa simu. Kufika, labda Pasaka na Krismasi.

Shangazi wa Chuda:
Na sasa?

Kijana wa Kange:
Kila Jumamosi. Sina namna.

Shangazi wa Chuda:
Haya. Mjane kakaa miaka na karai lake, wa hema wakaja wakamwita mama, wakamuuliza amelalaje. Nenda hata siku usiyokuwa na noti. Kula samaki wake. Biblia aifungue yeye, wewe sikiliza.

Kijana wa Kange:
Wakuu, mrejesho. Nimekwenda Jumatano, akashtuka akadhani kuna msiba. Tumesoma 13 na 14, yeye akisoma kwa sauti. Pale 14:1 alirudia mara mbili, akanyamaza, akasema "hili hatukusomewa". Sikuongeza neno. Za kiwanja hazikutajwa, ila wakati naondoka alinipa hati nimpelekee baba mdogo Muheza, "ikae huko kwanza". Mwenyekiti wa mtaa nimeshamwona.

Hemani kesho anakwenda, kasema. Na simu bado iko ndani ya ndoo ya unga.