Binti yangu kakoseshwa kwa neno "discover", na sisi tunaishi Ujiji!

Wakuu, naandika hapa nikiwa na hasira, mniwie radhi.

Binti yangu yuko kidato cha kwanza, anasoma twisheni ya historia hapa Kigoma. Wameuziwa kijitabu cha maana za maneno ya Kiingereza ya somo hilo, shilingi elfu tano, karatasi za fotokopi zilizobanwa pini. Juzi karudi na jaribio, kapata 11 kati ya 20, kanywea kabisa. Nikamwambia lete nione.

Swali la nne: nani "discovered" Ziwa Tanganyika? Mtoto kajibu kuwa hakuna, wapelelezi Waingereza Burton na Speke walionyeshwa ziwa mwaka 1858. Kalamu nyekundu imepita hapo mpaka karatasi imechanika.

Kijitabu chao wenyewe kinasema "discover" ni kuona kitu ambacho hakijawahi kujulikana na mtu yeyote. Mtu yeyote! Na waliokuwa wakivua humu walikuwa nani? Ujiji ilikuwa soko tayari. Njia ya misafara kutoka pwani kupitia Tabora ilishakanyagwa na Wanyamwezi, Waswahili na Waarabu, hao wazungu wameifuata hiyo hiyo. Tabora walipokelewa na mfanyabiashara Mwarabu, Snay bin Amir, akawaeleza habari za maziwa. Burton mwenyewe kaandika kwamba alipoona kitu kinang'aa kule chini alimuuliza Sidi Mubarak Bombay, Mwafrika wa msafara wao, ni nini, Bombay akamjibu kwamba anavyoona yeye ni maji. Speke macho yalikuwa yanamuuma, alikuwa haoni vizuri. Halafu mtoto wa Ujiji aandike hao ndio wamegundua?

Kiingereza kina namna ya kulisema jambo hili bila uongo: "the first Europeans to see". Wazungu wa kwanza kuliona, basi. Neno moja likiongezwa hapo mambo yanakaa sawa, na mtoto anajifunza historia na lugha kwa pamoja.

Swali la tisa ndio limenimaliza. Kijitabu kinasema "historic" na "historical" ni kitu kimoja. Si kweli! "Historic" ni jambo zito, lililoacha alama: Stanley kukutana na Livingstone hapa Ujiji mwaka 1871, hiyo ni "historic". "Historical" ni chochote kinachohusu mambo ya kale, kiwe kikubwa au kidogo. Barua ya mfanyabiashara wa zamani akidai deni lake la pembe ni "historical document", hata kama haikubadilisha chochote duniani. Mtoto alilijua hilo, akaandika "historic meeting", akakatwa.

Nikampigia mwalimu kwa adabu zote. Akanijibu: "Mzee wangu, sisi tunafundisha kinachotoka kwenye mtihani." Nikamuuliza mtihani gani unataka uongo, akasema ana kipindi. Simu ikakatwa.

Jumamosi naenda pale na karatasi mkononi, alama zirudishwe na kijitabu kirekebishwe. Wazazi wa Ujiji, Gungu na Mwanga mliouziwa hicho kijitabu, fungueni kwenye neno "century". Wameandika mwaka 1871 uko karne ya 18. Ni ya 19, jamani! Karne ya 19 imeanza 1801 ikaisha 1900. Piga picha ukurasa huo, weka hapa, niende nazo zote.