Columbus, Ohio: matembezi ya kiangazi na vitabu vya watoto kutoka maktaba

Mama Wawili
Habari za jioni wapendwa. Shule zinakaribia kufungwa. Mtoto wa kike anamaliza darasa la 4, wa kiume la 1. Natafuta pa kuwatoa bila gharama kubwa, na vitabu vya kuendana na kila tembezi, vya Kiingereza na vya Kiswahili. Kwenye katalogi ya maktaba nikiandika "vitabu vya Kiswahili" hakiji hata kimoja. Nifanyeje? Gari tunalo moja, na siku za kazi halipo nyumbani.

Dada wa Rafuni
Mama Wawili, tatizo ni neno lenyewe. Kumbukumbu za maktaba za Marekani zimeandikwa kwa Kiingereza, na lugha yetu imeingizwa kama "Swahili". Andika hilo tu, kisha kwenye vichujio (filters) chagua lugha iwe Swahili na wasomaji wawe watoto.

Kuna mitego miwili. Ukitafuta kwa mada badala ya lugha, unaletewa vitabu vya Kiingereza vinavyofundisha kuhesabu moja hadi kumi. Halafu, vitabu vya lugha mbili mara nyingi vimesajiliwa kama vya Kiingereza, kwa hiyo ukiweka kichujio cha lugha vinapotea. Tafuta mara mbili, mara moja na kichujio, mara ya pili bila.

Kitabu kikiwa tawi la mbali usikifuate. Kiombe kwenye tovuti, chagua tawi la karibu na kwenu, watakileta na kukujulisha kikifika. Omba wiki mbili kabla ya tembezi, maana Juni wazazi wengi wanagombania vitabu vilevile vya wanyama.

Binti wa darasa la 4 anaweza kujitafutia mwenyewe akijua namba za rafu. Vitabu vya hadithi za kubuni hupangwa kwa jina la ukoo la mwandishi, lakini vya maarifa hufuata namba: ngano 398.2, wadudu 595.7, ndege 598, mamalia 599. Mwandikie kwenye karatasi aende nayo.

Kupima ugumu: afungue ukurasa wa katikati, asome kwa sauti, akunje kidole kwa kila neno asilolijua. Vidole viwili au vitatu, kitabu kinamfaa. Vitano, msomee wewe.

Vya Kiswahili vikiwaishia, ingia tovuti ya African Storybook. Hadithi ni za bure, zimepangwa kwa ngazi, na unaweza kuzipakua na kuzichapisha. Mdogo aanze ngazi ya kwanza hata kama Kiingereza anasoma vizuri, kwa sababu silabi kama "ng'o" na "nywa" macho yake hayajazizoea.

Mzee wa Matembezi
Kwa siku zisizo na gari, pandeni basi hadi Maktaba Kuu ya mjini, Grant Avenue. Jirani yake kabisa ipo Topiary Park, haina kiingilio. Pale mchoro maarufu wa Mfaransa Georges Seurat, wa watu waliopumzika Jumapili kando ya mto Seine, umeumbwa upya kwa mimea iliyooteshwa kwenye fremu za chuma na kupogolewa: watu 54, mashua 8, mbwa 3, tumbili na paka.

Fuata mpangilio huu: maktaba kwanza, bustani baadaye. Azima kitabu chenye mchoro huo, namba 759.4, uhakikishe picha imo. Mkishafika bustanini, watoto wamtafute yule mama mwenye mwavuli na tumbili wake, kisha walinganishe kila umbo na picha. Mkienda bila picha wataona vichaka tu, na baada ya dakika kumi wanadai kurudi.

Jumamosi gari likiwepo, nendeni hifadhi ya Battelle Darby Creek. Nako kuingia ni bure, na kuna baisani, wale ng'ombe-mwitu wa Marekani wenye nundu (599.64). Nendeni asubuhi, jua likipanda wanajilaza mbali. Kwenye majani marefu kuna kupe: soksi ndefu, suruali ichomekwe ndani ya soksi, na jioni kagueni nyuma ya magoti, makwapani na kwenye nywele.

Baba Salma
Naongezea la pasi. Kwa kuwa binti yuko darasa la 4, ana haki ya pasi ya bure ya Every Kid Outdoors, ya kuingilia hifadhi za taifa, hadi Agosti 31. Mnajaza kwenye tovuti, mnaipata. Ila hifadhi mbili za hapa Ohio, Cuyahoga Valley na Hopewell Culture kule Chillicothe, hamuihitaji: hazitozi kiingilio kwa yeyote. Itawafaa mkisafiri, mfano Indiana Dunes, wanakotoza kwa gari.

Makumbusho nayo: mwenye kadi ya EBT (ya msaada wa chakula wa serikali) anaingia kwa bei isiyozidi dola 3 kwa mtu, hadi watu wanne, kwenye majumba yaliyojiunga na mpango wa Museums for All. Beba kitambulisho pia. Na ulizia Culture Pass, pasi ya kuingilia makumbusho na sehemu za sanaa, kwenye tawi lenu la maktaba, inaazimwa kwa kadi ya maktaba.

Dada wa Rafuni
Nilisahau faini za kuchelewesha vitabu. Maktaba ya Columbus ilizifuta mwaka 2017, ila kitabu kilichopotea kinalipiwa. Vitabu vyote vikae kapu moja karibu na mlango, na risiti ya kuazima ibandikwe kwenye friji, ili siku ya kurudisha muhesabu vyote kabla ya kutoka.