Wachoraji wa kujitegemea: kuna faida gani kulipia jukwaa la potifolio?

Mleta mada

Wakuu, najua hoja hii itawakera baadhi. Nasema mchoraji wa kujitegemea anayelipa ada kila mwezi ili michoro yake ikae kwenye jukwaa la potifolio, yaani tovuti ya kuonyeshea kazi zake, mara nyingi anatupa hela. Naacha nje majukwaa machache ambayo watu wenye kazi za kugawa huenda wenyewe kutafuta mchoraji. Angalieni vizuri: sijasema majukwaa yenye wageni wengi. Wageni wengi wa kurasa hizi ni sisi kwa sisi, tunaangaliana, tunapongezana, kila mtu anarudi kwake bila kazi.

Jukwaa la Behance lipo tangu 2005, Adobe, kampuni ya programu za kuchorea na kuhariri picha, wakalinunua 2012, na mpaka leo unaweka kazi zako humo bila kutoa senti. ArtStation ya 2014 nayo ina akaunti ya bure. Ukilipia majukwaa ya aina hii unaongezewa takwimu za wageni, nafasi zaidi, pengine tovuti yenye jina lako. Vizuri, lakini kipi hapo kinachomleta mteja? Halafu kuna wenzetu wanaolipia mpango kamili wa programu za Adobe, ambao tayari una Adobe Portfolio ndani yake, na bado wanalipa mahali pengine kwa kitu kilekile.

Mchoraji wa vitabu vya watoto

Mkuu, umetia kila kitu kapu moja. Kulipia kuonekana hakukuanza na intaneti. Marekani na Uingereza wachoraji walikuwa wananunua kurasa kwenye vitabu vinene vya matangazo, na vitabu hivyo vikapelekwa bure kwa kampuni za matangazo na majarida. Watu walipata kazi kwa njia hiyo miaka na miaka.

Na kuna vyama. SCBWI cha waandishi na wachoraji wa vitabu vya watoto kilianza 1971, AOI, chama cha wachoraji cha Uingereza, 1973. Ukiwa mwanachama wa AOI unashauriwa kuhusu bei na mikataba. Mimi ningelipa kwa hilo tu, hata kama ukurasa wangu haufunguliwi na mtu. Mkataba mmoja unaokunyang'anya haki zote za mchoro unakula zaidi ya ada ya mwaka.

Mleta mada

Hapo kwenye ushauri wa mikataba sina ubishi, ila hicho ni chama, wala si jukwaa. Na mfano wako wa vitabu vinene unanisaidia mimi. Kitabu kile kilifika mezani kwa mwenye kazi hata kama hakukiomba. Ada yako ililipa safari hiyo. Ukurasa wa leo unakaa palepale ulipo na kungoja atakayeutafuta, na kumleta huyo mtu ni juu yako. Jukwaa likikwambia "tunakutangaza", uliza linamtangazia nani, kwa njia gani, mara ngapi kwa mwaka.

Mhariri wa sanaa, mchapishaji

Niwaambie inavyokuwa upande wangu, maana mnabishana kama vile mimi sipo. Nikiwa na muswada wa kitabu cha picha, natafuta kwanza kwenye folda yangu, kisha nauliza wenzangu, kisha mawakala wa wachoraji, ndipo nifungue majukwaa. Nafungua kurasa nyingi kwa mkupuo, na nyingi nazifunga kabla hazijamaliza kufunguka.

Ninachokitafuta ni mhusika yuleyule aliyechorwa akikimbia, akiwa amelala, akionekana kwa nyuma, na uso wake ubaki wake. Natafuta mikono. Natafuta chumba chenye watu wengi ambamo jicho langu linajua pa kuanzia. Mchoraji akiweka sura thelathini nzuri zote zinazotazama mbele, sijui kama anaweza kusimulia hadithi. Alama ya hakimiliki ikipita katikati ya uso wa mhusika, naondoka.

Na anwani ya barua pepe iwe wazi! Kuna majukwaa yanayotaka nijisajili ndipo nimwandikie mchoraji, na mimi sijisajili. Kama mnalipia jukwaa linalonifungia mlango hivyo, mnalipa ili nisiwafikie. Kama una akaunti ya kulipia au ya bure, hilo silioni na wala sijawahi kulijali.

Mchoraji wa majarida

Mnasahau upande wa pili wa hesabu. Fiverr, soko la mtandaoni la kazi za kujitegemea, inamkata muuzaji asilimia 20 ya kila kazi. Wakala naye mara nyingi anachukua robo au zaidi. Ada ya potifolio haipandi hata ukipata kazi kubwa, kwa hiyo anayepata kazi kupitia hapo, hata chache, anaweza kuwa mbele.

Jambo la wizi wa michoro nalo tuliseme. Desemba 2022 wachoraji waliijaza ArtStation mabango ya kupinga picha za akili mnemba, programu zinazojifunza kwa michoro ya watu, na 2024 wengi wakakimbilia Cara, jukwaa linalokataa picha hizo. Msidhani ukishalipa umelindwa. Someni masharti.

Mleta mada

Nakubali hesabu ya ada isiyopanda, ilimradi hizo kazi chache ziwepo kweli. Kuna njia ya kujua kabla ya kutoa kadi ya benki. Ingia kama mteja, bila akaunti, tafuta aina ya kazi unayofanya, uone waliolipia wako ukurasa wa ngapi. Kisha waandikie baadhi yao wenye mtindo unaokaribia wako, waulize kazi yao ya mwisho ilitoka wapi. Wachoraji hujibu maswali haya, tunapenda kulalamika. Wakikutajia rafiki, mteja wa zamani au barua waliyotuma wenyewe, hela yako ikanunue anwani ya tovuti yenye jina lako, ambayo utahama nayo hata jukwaa likifungwa.

Dada mhariri, nina swali kwako: ukikuta tovuti nzuri lakini kazi ya mwisho ni ya 2021, unamwandikia mwenyewe?

Mhariri wa sanaa, mchapishaji

Namwandikia, ila kwanza nauliza kama bado anapokea kazi. Siku mbili tatu zikipita kimya naenda kwa mwingine. Sina ubaya naye, ratiba ya uchapishaji ndiyo inanisukuma.